Jinsi ya Kuunda Kiunzi cha Makala ya Utafiti: Mwongozo kwa Mwanafunzi Anayeanza

Kila muhula, mara tu kazi za utafiti zinapotolewa, maswali yaleyale hunijia kutoka kwa wanafunzi wa Kisumu, Maseno na Bondo: nianzie wapi, kiunzi kiwe na kurasa ngapi, na kwa nini msimamizi amenirudishia karatasi akisema haina kitu ilhali nimeandika vichwa vyote vinavyotakiwa. Swali hilo la tatu ndilo lililonisukuma kuandika mwongozo huu, kwa kuwa jibu lake ni lilelile kila mara. Vichwa si kiunzi. Mwanafunzi aliyeandika "Utangulizi, Athari za Mvua, Mapendekezo" ameonyesha mahali atakapoweka maneno, lakini bado hajasema neno. Kiunzi kinachofaa huandikwa kwa sentensi kamili, kila sentensi ikidai jambo moja na kutaja ushahidi unaolibeba dai hilo.

Nasema kiunzi, wala si muhtasari, kwa makusudi. Muhtasari ni ufupisho wa kitu ambacho tayari kipo, ilhali wewe hujaandika makala bado. Idara yako ikilitumia neno muhtasari, litumie mbele yao bila ubishi, mradi ujue unachofanya ni kingine.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, nao ni makala ya maneno 3,000 kuhusu hasara wanayopata wakaushaji wa omena, wale samaki wadogo wa ziwani, msimu wa mvua katika fuo za Ziwa Victoria. Ikiwa mada yako ni bodaboda za Nakuru au bei ya miwa Kakamega, badilisha mfano na uache hatua zilivyo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Tafuta karatasi ya maagizo ya kazi yenyewe, isiwe yale uliyosimuliwa na mwenzako. Isome mara mbili, kisha upigie mstari idadi ya maneno, tarehe ya kuwasilisha na mtindo wa marejeleo unaotakiwa, kwa mfano APA au Harvard. Uwe na vyanzo visivyopungua vitano ulivyovisoma wewe mwenyewe, ukapita ikisiri, yaani ule ufupisho unaowekwa mwanzoni mwa makala. Uwe pia na kadi ndogo, au karatasi za kawaida zilizokatwa vipande vinne, pamoja na kalamu na meza pana. Simu na kompyuta hufaa kwa kutafuta vyanzo na kuvihifadhi, na programu ya Zotero, ambayo ni ya bure, hutunza marejeleo vizuri. Lakini kazi ya kupanga hoja huwa rahisi zaidi kwa karatasi unazoweza kuzisogeza kwa mkono.

Tenga saa tatu mfululizo kwa hatua ya 4 hadi ya 6. Anayezifanya vipande vipande kati ya vipindi hujikuta akianza upya kila mara.

Hatua kwa hatua

1. Geuza mada iwe swali. "Omena na mvua" ni mada, na mada haina mwisho. "Wakaushaji wa omena hupata hasara gani msimu wa mvua, na ni mbinu zipi za kukausha zinazoipunguza?" ni swali, kwa sababu unaweza kujua ni lini umelijibu. Liandike swali lako juu ya karatasi na ulikague neno kwa neno ukijiuliza kila neno lina maana gani hasa.

Hapa ndipo wengi hupita mbio, nami nakuomba usimame kidogo. Chukua neno "hasara". Omena walionyeshewa wakaoza na kutupwa ni hasara inayoonekana kwa macho. Lakini mara nyingi omena walioharibika kiasi hawatupwi: huuzwa kwa bei ya chini ili watengenezewe chakula cha kuku na mifugo mingine. Mchuuzi huyo hakupoteza hata kilo moja, ila amepoteza fedha. Ukiuliza "ulitupa kiasi gani?" atakujibu kwa ukweli kwamba hakutupa kitu, nawe utaandika kwamba hakuna hasara. Kwa hiyo amua mapema kama makala yako inapima uzito uliopotea, bei iliyoshuka, au yote mawili, na uandike uamuzi huo chini ya swali. Karibu kila mada ina neno moja la namna hii, na ukilitafuta sasa utaokoa wiki mbili za baadaye.

2. Andika jibu la muda kwa sentensi moja. Usiogope kukosea, kwani jibu hili lipo ili upate la kupima. Katika mfano wetu: "Hasara kubwa ya wakaushaji wa omena msimu wa mvua inatokana na bei kushuka kuliko samaki kutupwa, na wanaotumia vichanja vilivyoinuliwa huipata kwa kiasi kidogo kuliko wanaoanika kwenye nyavu zilizotandazwa ardhini." Sentensi hiyo inaweza kupingwa, na hilo ndilo jaribio lake. Sentensi kama "mvua ina athari nyingi kwa biashara ya omena" haina mtu atakayeipinga, kwa hiyo haina kazi.

Onyo: jibu la muda likikataliwa na ushahidi, libadilishe jibu. Nimeona mwanafunzi akiacha kadi nne kando kwa sababu zilimharibia sentensi nzuri aliyoipenda, na kadi hizo ndizo zilizokuwa na makala yake halisi.

3. Kusanya ushahidi kwenye kadi. Kadi moja hubeba jambo moja tu. Andika jambo lenyewe kwa maneno yako, kisha chanzo, mwaka na ukurasa, na mwisho, kwa kalamu ya rangi nyingine, sentensi fupi inayosema jambo hilo linathibitisha nini katika swali lako. Ukinukuu maneno ya mwandishi kama yalivyo, yafunge kwa alama za kunukuu papo hapo kwenye kadi, la sivyo baada ya wiki moja utadhani ni yako na utashtakiwa kwa wizi wa maandishi.

Unapotafuta vyanzo, kumbuka kwamba ziwa hili ni la nchi tatu na sehemu ya Kenya ni asilimia 6 hivi tu. Samaki tunayemwita omena huitwa dagaa upande wa Tanzania na mukene upande wa Uganda. Anayetafuta "omena" pekee hukosa maandishi mengi ya majirani, kisha huandika kwa ujasiri kwamba "hakuna utafiti uliofanywa". Tumia majina yote matatu, pamoja na jina la kisayansi, Rastrineobola argentea. Lakini chunga pia upande wa pili: neno dagaa hutumiwa kwa samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika na wa Bahari ya Hindi, ambao ni spishi nyingine kabisa, kwa hiyo hakikisha chanzo kinazungumzia Ziwa Victoria kabla ya kukiandikia kadi. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, ina kituo Kisumu, na Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, ambalo makao yake yako Jinja, huchapisha ripoti zinazohusu nchi zote tatu.

Onyo la pili linahusu programu za akili unde. Zinaweza kukusaidia kupata maneno ya kutafutia, lakini zina tabia ya kubuni vyanzo visivyokuwepo, vikiwa na majina ya waandishi, miaka na majarida yanayoaminika kwa sura. Chanzo ambacho hujakifungua kwa macho yako hakistahili kadi.

4. Gawa kadi katika marundo, kisha lipe kila rundo sentensi. Hii ndiyo hatua iliyobeba mwongozo mzima. Tandaza kadi zote mezani na uziweke pamoja zile zinazosema jambo linalokaribiana, bila kufikiria vichwa vya makala. Kwa makala ya maneno 3,000 marundo manne hadi sita yanatosha. Baadaye chukua rundo moja moja, usome kadi zake zote kwa sauti, na uandike juu yake sentensi kamili inayojibu: kadi hizi kwa pamoja zinasema nini?

Kishawishi kitakuwa kuandika "Mbinu za kukausha". Kikatae. Andika: "Kuanika ardhini huchelewesha ukaukaji kwa sababu hewa haipiti chini ya samaki, na mvua ya ghafla huwakuta wakiwa bado wabichi." Tazama sentensi hiyo imekufanyia nini. Imekuonyesha kwamba unahitaji ushahidi wa mambo mawili, hewa na muda wa mvua, na pengine rundo lako lina la kwanza tu. Kichwa "Mbinu za kukausha" kisingekuambia hivyo kamwe, ungeligundua pengo usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha.

Rundo lisilokubali sentensi moja mara nyingi ni marundo mawili yaliyochanganyika, basi litenganishe. Rundo lenye kadi moja lina njia mbili: litafutie kadi nyingine au liunganishe na jirani yake. Kadi ambazo hazikai popote zitie kwenye bahasha. Usizitupe, lakini pia usiziingize kwa nguvu kwa sababu tu ulitumia jioni nzima kuzitafuta.

5. Panga mfuatano. Makala nyingi za utafiti hufuata mpangilio wa utangulizi, mbinu, matokeo, mjadala na hitimisho, na mapitio ya maandishi huwekwa ama ndani ya utangulizi ama baada yake. Fuata mpangilio unaotajwa kwenye maagizo yako. Kazi yako iko ndani ya kila sehemu: ni dai lipi linalopaswa kueleweka kwanza ili la pili liwe na maana? Msomaji hawezi kuelewa kwa nini bei ilishuka kabla hujamwonyesha kwamba samaki waliolowa hupata mnunuzi wa aina nyingine.

6. Andika kiunzi chenyewe. Sasa nakili sentensi zako kwa mfuatano ulioamua, uzipe kadi zako nambari, na chini ya kila sentensi utaje nambari za kadi zinazoibeba. Sampuli hii inaonyesha umbo tu. Madai yake hayajapimwa uwanjani, kwa hiyo usiyanukuu.

Utangulizi. Dai la 1: Omena ni kitoweo cha bei nafuu kwa familia nyingi za kanda ya ziwa, hivyo hasara ya mkaushaji humfikia hadi mlaji. (Kadi 2, 5.) Dai la 2: Maandishi niliyoyasoma yanapima zaidi samaki waliotupwa, na machache hufuatilia walioshuka bei. (Kadi 7, 8, 11.)

Mbinu. Dai la 3: Mahojiano na wakaushaji wanaotumia nyavu na wanaotumia vichanja katika ufuo mmoja yanaruhusu ulinganisho, kwa kuwa wote hunyeshewa mvua ileile na huuza katika soko lilelile. (Kadi 12; mwongozo wa mahojiano.)

Matokeo. Dai la 4: Wengi wa waliohojiwa hawatupi samaki walionyeshewa bali huwauza kwa watengenezaji wa chakula cha mifugo. (PENGO: mahojiano hayajafanywa.) Dai la 5: Tofauti kati ya bei ya omena wa chakula cha watu na wa chakula cha mifugo ni kubwa kuliko thamani ya waliotupwa. (PENGO.)

Mjadala. Dai la 6: Vichanja hupunguza hasara, ila gharama ya mbao na nafasi ufuoni huwazuia wenye mtaji mdogo. (Kadi 9, 14; PENGO kuhusu gharama.)

Neno PENGO liandike kwa herufi kubwa, hata kwa wino mwekundu, wala usione haya. Msimamizi anayeona mapengo yaliyotajwa humsaidia mwanafunzi kuyaziba. Anayeyagundua mwenyewe humrudishia karatasi.

7. Gawa maneno. Kwa makala ya maneno 3,000 mgawo wa kuanzia unaweza kuwa utangulizi 400, mapitio 500, mbinu 450, matokeo 800, mjadala 650 na hitimisho 200. Unaweza kuubadilisha, lakini ukijikuta umetenga maneno 1,200 kwa utangulizi, ujue unaikimbia kazi.

8. Jaribu kiunzi kwa sikio. Msomee mwenzako sentensi za madai peke yake, bila kadi wala maelezo, kisha umwombe akueleze makala yako inasema nini. Akiweza kukueleza, kiunzi kimesimama. Akikuuliza "lakini hilo limetoka wapi?", weka alama mahali hapo na urudi hatua ya 5. Chagua mwenzako asiyesoma somo lako, kwa maana wa darasa lako atajaza mapengo kwa akili yake bila kujua.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara

Kosa la kwanza ni kuanza na historia ndefu. Mwanafunzi anayeandika kuhusu wakaushaji wa leo hahitaji kurudi hadi reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, hata kama tukio hilo analipenda, nami nalipenda pia.

La pili ni kuchanganya matokeo na mjadala. Katika matokeo unaeleza ulichokiona na kukisikia; katika mjadala unaeleza maana yake. Sentensi ya kiunzi ikiwa na "kwa sababu" ndani ya matokeo, iangalie tena: ikiwa sababu hiyo ilitajwa na mhojiwa, iache na useme ni yake, ikiwa ni yako, ihamishie kwenye mjadala.

La tatu, ambalo huharibu hesabu nyingi za huku kwetu, ni vipimo. Ufuoni omena huuzwa kwa gorogoro, kwa ndoo na kwa gunia. Gorogoro inayochukua takriban kilo 2 za mahindi haichukui kilo 2 za omena wakavu, kwa kuwa omena ni wepesi. Panga katika sehemu ya mbinu namna utakavyopima kila chombo kwa mizani na kugeuza majibu yote kuwa kilo, tena upime wakavu na wabichi kando. Na kama utahoji kwa Dholuo na kuandika kwa Kiswahili, sehemu hiyohiyo ieleze nani alitafsiri na jinsi ulivyohakiki tafsiri.

Ukikwama

*Swali langu lina majibu mengi mno na marundo yamefika kumi.* Swali ni pana. Lipunguze kwa mahali, kwa muda au kwa kundi: ufuo mmoja badala ya kaunti nzima, msimu mmoja badala ya mwaka. Rudia hatua ya 4 kwa kadi zilezile. Nyingi zitabaki na kazi.

*Kadi zangu zinapingana.* Hiyo ni bahati, mradi ukague kwanza kama zinapima kitu kimoja. Chanzo kimoja kikisema hasara ni ndogo na kingine kikisema ni kubwa, huenda cha kwanza kilihesabu samaki waliotupwa na cha pili kikahesabu bei. Tofauti hiyo ikithibitika, itolee dai lake katika mapitio.

*Nilikwenda ufuoni sikukuta omena.* Angalia kalenda kabla ya kulaumu wavuvi. Upande wa Kenya uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wazaliane, na miezi hiyo huangukia sehemu ya mvua za masika. Mwanafunzi anayepanga kushuhudia ukaushaji mwezi Mei atapata mazungumzo, lakini hatapata samaki. Mvua za vuli, kati ya Oktoba na Desemba, zinafaa zaidi. Omena pia huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi hupunguza nguvu ya taa hizo, kwa hiyo asubuhi inayofuata usiku wa mwezi mpevu ufuo unaweza kuwa mtupu. Andika tarehe hizi pembezoni mwa kiunzi, karibu na kila PENGO linalongoja kazi ya uwanjani.

*Watu wanakataa kuzungumza nami.* Mara nyingi ni kwa sababu hukupitia mlango unaofaa. Anza kwa kuuliza idara yako ni vibali gani vinavyohitajika, kikiwemo kile cha utafiti kinachotolewa na NACOSTI, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Ukiwa na barua mkononi, nenda kwanza kwa viongozi wa kamati ya usimamizi wa ufuo, ile inayojulikana kama BMU, ujitambulishe na ueleze unachotafuta. Waambie wahojiwa kwamba majina yao hayataandikwa, na ulitimize hilo tangu kwenye kiunzi kwa kuwapa nambari. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda habari zao, hata zikiwa zimeandikwa kwenye daftari lako la kurasa 96. Usiende saa samaki wanapopakuliwa, kwani hapo kila mkono una kazi na mgeni mwenye maswali ni kero. Subiri hadi omena wametandazwa na akina mama wameketi kivulini wakiwafukuza ndege.

*Msimamizi amesema kiunzi ni kirefu.* Muulize kama ana maana ya madai au maelezo. Kama ni maelezo, futa kila kitu isipokuwa sentensi za madai na nambari za kadi, nacho kitakaa kwenye ukurasa mmoja na nusu. Kama ni madai, tafuta mawili ambayo ukiyaondoa jibu la hatua ya 2 halitikisiki, uyahamishie kwenye bahasha pamoja na kadi zake.